Kifaa kinachojizima si kibovu, tuache kukipiga dairekti

Kazi ninayoletewa kuliko zote hapa Rubafu si kutengeneza. Ni "kupiga dairekti". Mtu anakuja na friji gadi, inveta, betri ya taa za dagaa au soketi ya kurefushia umeme, na anachotaka ni kimoja tu: kile kidude kinachokata umeme kiondolewe, waya uungwe moja kwa moja, kifaa kisimsumbue tena. Mafundi wengi hukubali, maana ni kazi ya dakika chache na mteja ukimkatalia anahamia kibanda cha pili. Mimi nasema tuache. Kinga inayokata umeme inafanya kazi iliyonunuliwa kuifanya, na anayeing'oa anajitafutia hasara kubwa zaidi.

Sisi wa Kagera tumezoea kuuzungumzia umeme kwa megawati. Kwa miaka mingi tumeupata kutoka Uganda, kwa laini ya kilovolti 132 inayoanzia Masaka hadi Kyaka. Rusumo, kule Ngara, ipo mitambo ya megawati 80 tunayogawana na Rwanda na Burundi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115. Ni habari njema zote. Lakini friji ya kijijini haijui megawati. Inajua volti zilizofika kwenye soketi, na soketi nyingi za vijijini ziko mwisho wa waya mrefu.

Umeme wa majumbani ni volti 230. Kiwango cha kimataifa kinavumilia upungufu au nyongeza ya asilimia 10, yaani kati ya 207 na 253. Sasa njoo msimu wa senene, Novemba na Desemba, watu wakishawasha mataa makubwa ya kuwavuta na kusimamisha mabati na mapipa. Taa za majumbani zinafifia na kuwa nyekundu. Nimewahi kuchomeka mita kwenye nyumba ya mwisho wa laini saa mbili usiku, ikasoma 170.

Mtu wa kawaida anaona volti 170 kama robo tu iliyopungua. Kompresa ya friji haioni hivyo. Nguvu ya mota kuanza kuzunguka hushuka kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo kwenye 170 inabaki na kama asilimia 55 tu ya nguvu yake. Inajaribu kuzunguka, inakwama, na ikikwama inavuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida. Waya za ndani zinapata moto hadi varnishi yake inaungua. Ndiyo maana friji gadi nyingi hukata umeme ukishuka hadi kama volti 185, na umeme ukirudi husubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuruhusu. Dakika hizo ni za gesi kutulia ndani ya mabomba, ili kompresa isianze kazi huku inasukumana na shinikizo la zamani.

Dakika hizo ndizo zinazowaudhi watu. Mama mmoja anayeuza samaki aliniletea gadi yake akiwa amekasirika. "Mwanangu, umeme umerudi, taa zinawaka, jirani yangu friza lake linanguruma, langu limenyamaza. Kitoe hiki." Nikamwambia, "Mama, la jirani linanguruma kwa sababu limekwama. Ukilishika ubavuni utalisikia lina joto." Hakufurahi, lakini aliondoka na gadi yake ikiwa nzima. Bei ya gadi ni ndogo ukilinganisha na kompresa, achilia mbali sangara wa friza zima.

Vifaa vya kisasa vina kinga hizi ndani yao, na huko ndiko tunakodanganyika zaidi. Televisheni bapa ikiletwa huku taa yake inapepesa na ndani inasikika tik, tik, tik, wengi husema pawa saplai imekufa, nunua nyingine. Mara nyingi haijafa. Inajaribu kuwasha, inapima, inakuta mahali fulani pana shoti, inakata, inapumzika kidogo, inajaribu tena. Hiyo tik ni sauti ya kifaa kinachokataa kuungua. Shoti iko mbele yake, pengine kwenye taa za nyuma ya kioo au kwenye kapasita ndogo iliyopasuka. Nyingine zimepangwa zisijaribu tena kabisa mpaka uchomoe waya wa ukutani. Aina zote mbili zina akili kuliko anayeziruka kwa kipande cha waya.

Kinga haiangalii shoti peke yake. Ndani ya king'amuzi, volti 12 inayotoka kwenye adapta hugawanywa kuwa 5, 3.3 na nyingine ya kama 1.1 ya kulisha chipu kuu. Hizo haziruhusiwi kupanda ovyo. Ya 3.3 ikitangulia mbali huku ya 1.1 imechelewa, umeme unaweza kupenya kwenye chipu kwa njia usiyopangiwa na kuijeruhi. Kwa hiyo pawa saplai nzuri huzifanya zipande kwa kufuatana, moja ikiitazama nyingine, na moja ikianguka zote zinashushwa. Fundi anayeingiza 3.3 kutoka adapta nyingine "ili iwake" ameshaivunja hiyo foleni. Itawaka leo, na wiki ijayo chipu itakuwa imekwenda.

Kwenye taa za uvuvi hali ni ya hatari zaidi. Karabai zimeachia nafasi taa za LED na betri za lithiamu, na ni maendeleo. Betri ya volti 12 ya aina ya chuma-fosfeti ina seli nne, na bodi ndogo inayoipima kila seli: isichajiwe kupita kama volti 3.65, isishuke chini ya 2.5 hivi. Taa ikizima usiku wa manane, mvuvi analaumu bodi. Akipima betri nzima anakuta volti 11 na kusema bado ina chaji. Hajui kwamba seli tatu ziko kwenye 3 na ya nne imeshuka hadi 2. Ukiruka bodi, seli hiyo inaharibika, na siku ya kuchaji inapata moto. Moto wa lithiamu ndani ya mtumbwi wa mbao, katikati ya ziwa, hauna pa kukimbilia.

Ujuzi huu si mgeni kwetu. Minara ya simu inaendeshwa kwa umeme wa volti 48 kutoka kwenye moduli kadhaa zinazosaidiana. Moja ikiugua inajitenga, nyingine zinabeba mzigo wake, na chombo cha usimamizi kinaandika saa, volti na sababu. Kampuni haiwezi kumwambia fundi wake aziruke kinga hizo. Kwa nini friza la mama wa samaki listahili ulinzi duni kuliko mnara?

Jibu moja liko kwenye bodi za vifaa vya bei poa. Nikifungua chaja au adapta za namna hiyo, pembeni ya umeme unapoingilia nakuta nafasi ya varista, kidude cha kuzuia umeme unaopanda ghafla, imechorwa, matundu mawili yametobolewa, na varista yenyewe haipo. Pembeni yake, mahali pa koili ya kuchuja, pameunganishwa vipande viwili vya waya. Aliyeichora bodi alijua kinachotakiwa, aliyeiuza akakiondoa. Hiyo nayo ni dairekti, imepigwa kiwandani. Shirika la Viwango, TBS, lingetusaidia sana kama kila kifaa kingeandikwa kwa Kiswahili, juu ya boksi: kinavumilia volti ngapi hadi ngapi, kinajikata ukizidi au hakijikati.

Najua kuna atakayesema kwamba gadi ikikata mara kumi kwa usiku, biashara inakufa hata kama friza ni zima. Ni kweli, na hapo ndipo ilipo faida ya kuiacha mahali pake. Ikikata mara kumi, una ushahidi mara kumi. Andika saa, pima volti, majirani nao waandike, kisha mpeleke karatasi hiyo kwa anayewauzia umeme. Asipowasikiliza, lipo baraza la watumiaji la EWURA CCC kwa ajili hiyo. Malalamiko ya "umeme wetu mbaya" ni rahisi kuyapuuza; karatasi ya nyumba nane zenye volti 170 saa ileile inahitaji jibu. Aliyepiga dairekti hana cha kuandika kwenye karatasi hiyo, ana kompresa iliyoungua tu, na mbele ya ofisa ataulizwa kwanza nani aliitoa kinga.