Sheria mbaya inafunga kinywa cha mwenye kujua

Wengine wametucheka. Wamesema: «Batu ya sendika bameacha kudai mshahara, sasa bako nacheza dé kama batoto.» Wacheke tu. Mshahara tunadai na tutaendelea kudai. Lakini mu miezi hii tumejifunza kitu kwenye meza ya mchezo, na kitu hicho kinagusa maisha ya mtu anayeshuka kazini asubuhi na familia inayomungojea mangaribi. Njo maana tunaandika.

Tuanze na ile iliyotuuma. Mwaka jana, kwenye machimbo moja ambayo hatutaitaja, kulifanyika mazoezi ya kuhama. Sirene inalia, kila ekipi inatoka kwa njia yake na kwenda fasi ya kuhesabiana. Mu ekipi moja kulikuwa papa mmoja anayetumika ku pompe. Zile njia anazijua kuliko wote, juu ya maji inamupitisha kila kona. Siku mbili mbele aliona maji imekata njia ya upande wa chini. Siku ya mazoezi akanyamaza. Shefu akachukua ekipi yote, wakaenda mpaka kwenye maji, wakarudi nyuma, wakafika wa mwisho. Hakuna aliyeumia, ilikuwa mazoezi. Kiisha tukamuuliza: «Papa, juu ya nini haukusema?» Akajibu: «Kifaransa yangu haiko muzuri. Nikisema mubaya, batakata point ya ekipi yetu yote. Afazali aseme ule anajua kusema.»

Alisema kweli. Mu ile kazi, kila kosa la mtu mmoja lilikatwa kwenye point za ekipi, na point zinaenda mpaka kwenye prime. Yule papa hakuwa mwoga. Alifanya hesabu, na hesabu yake ilikuwa sawa. Sheria njo ilikuwa mubaya.

Sasa mchezo. Mtoto wa mwenzetu mmoja, anayesoma Lubumbashi, alikuja likizo na mchezo ambao Wafaransa wanauita jeu de rôle. Haufanane na ludo. Hakuna kibao cha rangi, hakuna kula pawa za mwenzako. Watu wanakaa kuzunguka meza. Mmoja anaongoza: anasimulia hali, anasema mlango umefungwa, daraja limevunjika. Wengine kila mmoja anachukua mtu wake: huyu ana nguvu, huyu anajua kusema na wakubwa, huyu anajua dawa. Unasema utafanya nini. Kama ni jambo gumu, unatupa dadu ya nyuso 20, unaongeza hesabu ya ufundi wako, na ukifika kwenye kiwango umefaulu. Wote wanashinda pamoja ao wanashindwa pamoja. Ulio mashuhuri kuliko yote unaitwa Dungeons & Dragons. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa kule Marekani mwaka 1974. Masolo yake ni ya watu kuingia mu mashimo ya giza kutafuta mali. Sisi hatukushangaa: hiyo tunafanya kila siku, na dadu hatuna.

Kwa miaka mingi sheria za ule mchezo zilikuwa nzuri sana kwa vita: kila mtu ana zamu, kila mtu ana kazi. Lakini kwa mambo mengine, kama kuomba msaada kwa mfalme ao kutoka mu pango linaloanguka, mara nyingi mmoja tu ndiye alitupa dadu, wengine wanaangalia. Mwaka 2008, mu chapa ya nne, wenye mchezo walitaka kurekebisha hiyo. Wakatunga mtihani wa kikundi: mufaulu mara 4 mbele ya kushindwa mara 2. Kwa kazi kubwa zaidi, mufaulu mara 12 mbele ya kushindwa mara 6. Kila mmoja anachangia ufundi wake. Nia ilikuwa nzuri, na sisi tunaisifu.

Lakini tuhesabu, juu ya mfanyakazi asiyehesabu anadanganywa kwenye bulletin ya mshahara na kwenye mchezo pia. Tuseme kila mmoja anafaulu mara 60 kwa 100. Unafikiri: ekipi ya watu wenye 60 itapita kazi mara nyingi. Hapana. Kwa 4 mbele ya 2, wanapita kama mara 34 kwa 100. Kwa 12 mbele ya 6, kama mara 26. Sasa mutu mmoja mwenye ufundi wa 80 akitupa yeye peke yake kila mara, ekipi inapita mara 74 kwa 100. Unaona vile? Mwenye 60 akifungua kinywa, anaumiza wenzake. Namna bora ya kupenda ekipi yake ni kukunja mikono. Mchezo uliotungwa ili wote waseme ulikuwa unamulipa mtu kwa kunyamaza. Papa wetu wa pompe hakusoma kile kitabu, lakini ile sheria aliijua.

Wenye mchezo waliona, na mwaka ule ule wakatoa marekebisho: viwango vikashushwa, na makosa yanayoruhusiwa yakawa 3 kwa kazi zote. Hiyo ilisaidia kazi fupi. Mwenye 80, kwa kazi ya kufaulu mara 4, anapita mara 90 kwa 100. Lakini kazi ya kufaulu mara 12, na makosa yale yale 3, anapita mara 45 tu. Kazi imeongezeka mara tatu, ruhusa ya kukosa haikuongezeka hata kidogo. Sisi hiyo tunaijua bila dadu: tani zinapanda, saa za kupumzika zinabaki zilezile, kiisha wanasema mfanyakazi hana makini.

Kuna sheria zingine mbili zilizokuja nyuma. Ya kwanza iko mu chapa ya tano ya mchezo ule ule, mwaka 2014: kikundi kikifanya jambo pamoja, wote wanatupa, na nusu wakifaulu, wote wamepita. Tuseme watu watano, kila mmoja 80. Kama tunadai wote watano wafaulu, wanapita mara 33 tu kwa 100. Kama nusu inatosha, yaani watatu, wanapita mara 94. Wenye nguvu wanabeba wenye kuchoka. Ni nzuri kwa mchezo. Lakini mu machimbo tusiichukue kichwa kichwa: hakuna atakayekwenda kwa mama wa batoto kumwambia nusu ya ekipi imetoka, basi tumefaulu.

Ya pili njo ilitugusa roho. Iko mu mchezo mwingine, Blades in the Dark, wa John Harper, uliotoka 2017. Mmoja anaongoza, wote wanatupa, na tupo la aliyefanya vizuri kuliko wote linahesabiwa kwa wote. Sasa kila aliyeshindwa, mzigo wake unabebwa na kiongozi: uchovu na wasiwasi vinaandikwa kwa jina lake. Angalia vile imegeuka. Mdogo akijaribu na kukosa, haharibu kazi ya wenzake. Na shefu ana sababu ya kufundisha watu wake mbele, juu ya kosa lao linamulemea yeye.

Siye tukachukua hayo, tukatengeneza mchezo wetu kwa madelege: kuhama machimbo, watu sita, karatasi moja ya njia. Mangaribi ya kwanza tulitumia sheria ya makosa matatu. Watu watatu walisema, watatu wakaangalia mikono yao. Mangaribi ya pili tukabadilisha. Kila mmoja alipewa habari moja ambayo mwingine hana: huyu anajua maji iko wapi, huyu anajua taa ipi imekufa, huyu anajua nani ana mguu mubaya. Kosa halikuua kazi, lilikula dakika, na njia ikabadilika. Tupo bora likahesabiwa kwa wote, mzigo kwa kiongozi. Hakuna kutupa mara mbili kama wote hawajatupa. Na kila mmoja aseme luga yake: Kiswahili, Kibemba, Tshiluba, Kifaransa. Ile mangaribi hatukupata mtu wa kunyamaza. Kazi ilikuwa bado ngumu, tulishindwa mara moja na kupita mara moja. Lakini tuliposhindwa, tulijua ni juu ya nini.

Shefu mmoja wa sekirite alituambia: «Mu hatari hakuna wakati wa kusikiliza kila mutu.» Tunakubali. Sirene ikilia, sauti ni moja. Lakini ile sauti moja itajua nini, kama mbele ya sirene hakuna aliyeiambia kwamba maji imekata njia? Mazoezi ni wakati wa kujaza kichwa cha anayeamuru. Wengine wanasema: «Mufundishe wenye kukosa, muache sheria.» Mafunzo tunayataka, na kwa saa za kazi zenye kulipwa. Lakini umufundishe mtu miezi sita, kiisha umwambie kosa lake litakula prime ya wenzake, atanyamaza akiwa amesoma. Na tusisahau: dadu ni bahati. Ukuta wa kariere hauko bahati. Uko na alama zake, na mara nyingi wa kwanza kuziona ni mtu wa chini, mwenye mshahara mdogo na Kifaransa kidogo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa wakubwa wa machimbo na kwa wenzetu wa komite ya sekirite. Moja: mu mazoezi, kosa la mtu mmoja lisikatwe kwenye point za ekipi wala kwenye prime. Mtu akikosa mu mazoezi amewasaidia wote, juu ya ametuonyesha fasi ya kukosa mbele ya siku ya kweli. Pili: kila mazoezi yaanze kwa kuuliza watu wa chini, mu luga yao, mbele ya shefu kusema. Shefu akisema wa kwanza, wengine wote watasema kama yeye. Tatu: ekipi isipoulizwa, kosa liandikwe kwa jina la anayeongoza.

Hayo hayaombi mashini mpya. Hayaombi dola. Kampuni inayosema haina pesa ya sekirite haina sababu hapa.

Na nyinyi mama wa nyumba, musituachie kazi hii peke yetu. Mangaribi baba akirudi, akiisha kunawa na kula, musimuulize tu kama prime imetoka. Mumuulize: «Leo, mbele ya kushuka, nani alisema? Na wewe, ulisema nini?» Akijibu kwamba alisema shefu peke yake, mutuletee habari ku sendika.