Usimwambie Musa kuwa ni msemaji hodari

Na Neema Mwakalinga

Februari 2013 nchi hii ilipigwa na butwaa. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalikuwa yametoka, na karibu watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri. Wazazi walilia, wabunge wakagombana, Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akaunda tume. Mei serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya. Yalipotoka mara ya pili, maelfu waliokuwa na sifuri hawakuwa nayo tena. Mtihani ulikuwa uleule, majibu yaleyale, mwandiko uleule. Kilichobadilika ni kipimo.

Mimi huifikiria ile miezi ya katikati, Februari hadi Mei. Kijana ameambiwa na taifa zima kwamba yeye ni sifuri. Mjomba akamwita kilaza mbele ya wageni, jirani akawakataza wanawe wasiongozane naye. Mei karatasi ikasahihishwa. Moyo wake je, ulisahihishwa na nani? Wale watoto leo ni watu wazima wenye miaka inayokaribia au kupita thelathini. Sina shaka wapo kati yao ambao hadi sasa wakiitwa kwenye usaili huingia mlangoni wakiwa wameshakubali kushindwa, kwa sababu ya herufi na tarakimu ambazo serikali yenyewe ilizikana.

Mtu wa namna hii akija kanisani, na wengi huja, anakutana na nini?

Kuna makanisa atakakoambiwa ana laana ya ukoo. Ataulizwa babu yake alikuwa nani, alichinja nini, chini ya mti gani, kisha atatajiwa sadaka ya kuvunja maagano na chupa ya mafuta ya kupeleka nyumbani. Sikatai kwamba kuna giza duniani. Nimelelewa Mbeya na najua hofu za huko. Lakini tazama kilichofanyika. Kijana aliingia akiamini kwamba yeye ni mjinga, akatoka akiamini kwamba yeye ni mjinga kwa sababu damu yake imeoza tangu enzi za mababu. Mzigo umeongezwa, tena ameulipia.

Kuna makanisa mengine, hasa ya mijini, yenye spika kubwa na mahubiri yanayofanana na semina za ujasiriamali. Huko ataambiwa ajitamkie. Simama mbele ya kioo, sema wewe ni mshindi, sema wewe ni bilionea, mgeukie jirani yako umwambie hivyohivyo. Jumapili mchana ni mshindi. Jumatatu asubuhi, kwenye foleni ya daladala, ushindi umeyeyuka, na sasa ana kosa jipya la kujilaumu, kwamba imani yake ni haba. Nadhani dawa hii haina sumu kama ile ya kwanza, ila haiponyi.

Ninayasema haya kwa sababu Maandiko yenyewe yana habari za mtu aliyejidharau, na Mungu hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Fungua Kutoka, sura ya tatu na ya nne. Musa yuko jangwani anachunga mifugo ya mkwewe Yethro. Alilelewa katika nyumba ya Farao, akaua mtu, akakimbia, na sasa anatumwa kurudi kulekule. Anauliza yeye ni nani hata aende kwa Farao. Swali hilo, ukisoma kwa makini, halijibiwi. Mungu hamwambii kwamba yeye ni mwana wa kifalme, ni msomi wa Misri, ni shujaa. Anamwambia tu kwamba atakuwa pamoja naye.

Musa anaendelea kubisha. Anasema ulimi wake ni mzito. Hapo ndipo mhubiri wa kioo angemwinua mkono na kumtamkia kwamba kuanzia leo ni msemaji hodari. Mungu anamkumbusha nani aliyeumba vinywa, anaahidi kumfundisha la kusema, lakini hasemi popote kwamba ulimi ule ni mwepesi. Na Musa anapozidi kukataa hadi Mungu anakasirika, jibu linalokuja ni ndugu yake. Haruni anajua kusema, na tayari yuko njiani anakuja kumlaki. Naipenda sana habari hiyo. Wakati Musa anatoa visingizio mbele ya kijiti kinachowaka, msaada wake ulikuwa umeshavaa viatu.

Tangu hapo Musa hakupona kujidharau kwa siku moja. Sura mbili mbele anarudia malalamiko yaleyale ya midomo yake. Akaenda hivyohivyo.

Mimi ni Mmoraviani, ila watakatifu wa Wakatoliki huwasoma, na katika jambo hili hakuna anayenifundisha kuliko Josephine Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, karibu mwaka 1869. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akauzwa, akauzwa tena, hadi akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Hili jina tunalomwita walimpa watekaji. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa Kituruki alichanjwa mwili kwa wembe, vidonda vikapakwa chumvi ili makovu yabaki, na makovu zaidi ya mia moja yalibaki. Hakuna kioo cha kumtamkia mtu huyo kwamba ni mshindi. Kila alama mwilini mwake ilimwambia kwamba yeye ni mali.

Mwaka 1883 alinunuliwa mjini Khartoum na makamu wa balozi mdogo wa Italia, na miaka miwili baadaye akafika Italia, akawa yaya katika familia moja. Bibi wa nyumba aliposafiri, Bakhita aliachwa kwa masista wa Canossa mjini Venice pamoja na mtoto aliyemlea. Huko ndiko alikofundishwa Ukristo. Bibi aliporudi kumchukua, yule mtumwa wa zamani, aliyezoea kuambiwa nenda akaenda, alikataa. Shauri likafika mahakamani, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, kwa hiyo yeye ni mtu huru. Januari iliyofuata alibatizwa. Baadaye akawa sista, na kwa miongo kadhaa mjini Schio akapika, akadarizi, akafungua mlango wa konventi na kuwapokea watoto wa mji.

Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake wa mwaka 2007 kuhusu tumaini, alimtaja Bakhita mwanzoni kabisa, na sababu yake ni nzito. Mwanamke huyu alikuwa amewajua mabwana tu maisha yake yote, na thamani yake ilikuwa ile bei waliyomlipia. Alichokipata Venice ni habari ya Bwana aliye juu ya mabwana wote, anayemjua, anayempenda, na ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuchapwa mijeledi. Kwa aliyechapwa, hilo la mwisho si jambo dogo. Hakuambiwa kwamba makovu si kitu. Aliambiwa kwamba Mungu anayo pia.

Kuna sehemu ya habari zake ambayo wahubiri wetu huiruka. Alipokuwa akifa, Februari 1947, akili ilirudi Sudan. Katika homa yake alimsihi sista aliyemuuguza amlegezee minyororo, maana ilikuwa mizito. Alikuwa ameishi huru kwa zaidi ya nusu karne, ana nadhiri, ana amani ambayo mji mzima ulikuwa umeiona, na bado minyororo ilikuwa mahali fulani ndani yake. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000 na kumbukumbu hiyo ikiwa palepale kwenye habari zake, haikufichwa. Ndiyo maana simwamini mtu anayeniahidi kwamba nitatoka kwenye mkesha wa Ijumaa nikiwa nimesahau kila neno nililowahi kutupiwa. Wapo pia ambao kujidharau kwao ni sonona, ugonjwa kamili, na anayewazuia wasiende kwa daktari kwa madai kwamba ni kukosa imani anacheza na maisha ya watu.

Bakhita hakupona peke yake. Alikuwa na masista waliomfundisha na waliosimama upande wake alipokataa kuondoka. Musa alikuwa na Haruni. Sisi tuna jumuiya, tuna ibada za nyumba kwa nyumba, tuna wazee wa kanisa wanaojua kila mtaa, na mara nyingi tunavitumia vyombo hivyo kuchangishana na kuzikana tu.

Nina ombi kwa wachungaji na mapadri. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi kumi bora. Makanisa mengi hatujaacha. Matokeo yakitoka, Jumapili ile tunawaita mbele waliofaulu, tunawapigia makofi na kuwapa zawadi, na wale wengine wanabaki nyumbani wakisingizia tumbo. Safari hii waiteni watahiniwa wote au msimwite yeyote. Na yule ambaye hakuonekana ibadani, mtumieni mzee wa kanisa kabla ya Jumapili inayofuata. Asimpelekee mafuta. Ampelekee maelezo ya kujisajili kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au fomu ya chuo cha VETA kilicho karibu, na siku ya kuipeleka fomu hiyo waongozane.