Bunge Latimiza Miaka 100: Anayeteua Hateui Peke Yake

Mwaka huu Bunge letu la Tanzania linatimiza miaka 100. Lilianza Desemba 1926 jijini Dar es Salaam likiitwa Baraza la Kutunga Sheria, Gavana Donald Cameron akiwa mwenyekiti. Humo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja, wala mjumbe aliyepigiwa kura na wananchi. Leo Bunge lina makao yake Dodoma, na majimbo ya Shinyanga na Geita yana viti vyake humo. Kwa niaba ya wasomaji wetu, tunalipongeza.

Kanda hii ya Shinyanga na Geita ilijua mambo ya madaraka kabla ya Gavana yeyote. Usukumani mtemi hakujitawaza. Banang'oma, wazee wa ngoma ya utemi, ndio walioketi wakamchagua ndani ya ukoo, ndio waliomsimika, na ndio walioweza kumwondoa mvua zilipogoma na nchi ikaharibika. Naye mtemi aliweka banangwa wasimamie vijiji. Makazi yake yaliitwa ikulu, neno ambalo taifa zima linalitumia hadi leo.

Busara hiyo haikuwa yetu peke yetu. Katika Korea ya enzi za Joseon, wizara ilimpelekea mfalme majina matatu, naye akatia nukta ya wino kwenye jina moja. Palikuwa pia na maofisa ambao kazi yao ilikuwa kumkosoa mfalme na kuchunguza mwenendo wa wateule wake. Mfalme aliteua, lakini hakuteua gizani.

Ukoloni uliivunja desturi hiyo kwetu. Mwaka uleule wa 1926, Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ilimfanya mtemi kuwa mtu wa serikali. Utawala wake ukahitaji kibali cha mkoloni, na sauti ya banang'oma ikafifia.

Hata hivyo, Shinyanga haikukaa pembeni. Mwaka 1945 Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha, na Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza lile. Waliingia kwa uteuzi wa Gavana. Miaka 13 baadaye, mwaka 1958, kura zilianza kupigwa, na mwaka 1960 chama cha TANU kikatwaa viti 70 kati ya 71. Utemi uliondolewa serikalini mwaka 1963, lakini swali la banang'oma lilibaki: nani anamkagua anayepewa cheo?

Jibu limo katika Katiba ya mwaka 1977. Rais humteua Waziri Mkuu, lakini uteuzi huo hautimii mpaka Bunge liuthibitishe kwa kura za wabunge walio wengi. Bunge lilivuka enzi za chama kimoja, likapokea vyama vingi, na Februari 2008 likaonyesha meno yake. Kamati Teule iliposoma taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Siku ile Watanzania waliona kwamba cheo ni dhamana.

Kwetu, kazi ya Bunge inaonekana kwenye mizani. Mchimbaji mdogo akitoka duarani, yaani shimoni, huleta dhahabu yake katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019. Hupimwa mbele ya macho yake, mrabaha ukakatwa, naye akaondoka na stakabadhi. Mwaka 2017 Bunge liliupandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, likaweka pia hisa ya Serikali isiyopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Mwaka 2019 Bunge likamfutia mchimbaji huyo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Kura ya Dodoma hufika hadi mfukoni mwa mtu wa Geita.

Karne ya pili inaanza na wajibu mzito. Mawaziri, wakuu wa mikoa na wakuu wa wilaya huteuliwa bila kupigiwa kura bungeni. Hao wana sauti kubwa juu ya leseni, fidia za wanaohamishwa kupisha migodi, na fedha ambazo migodi inadaiwa na vijiji jirani. Bunge lina maswali, lina kamati, lina bajeti mkononi. Livitumie vyote bila woga na bila upendeleo.

Nasi wananchi wa Kahama, Msalala, Bukombe, Chato na Nyang'hwale tuna sehemu yetu. Mbunge anaporudi jimboni, tumuulize amemhoji nani na amejibiwa nini. Banang'oma hawakwenda nyumbani baada ya kumsimika mtemi. Walibaki na ngoma yao. Ngoma hiyo sasa iko mikononi mwa Bunge, na Bunge liko mikononi mwetu.