Mwenye Gunia na Haki ya Kukataa

Kabla ya zabuni kuhamia kwenye skrini, mnada wa korosho ulikuwa na dakika moja nzito kuliko zote. Sanduku la zabuni lilikuwa limekwisha kufunguliwa mbele ya watu, karatasi za wanunuzi zimesomwa kwa sauti moja baada ya nyingine, kilo na bei, kilo na bei, na wakulima waliokaa chini wakaulizwa: mnauza, hamuuzi? Mama aliyejitanda kanga, mzee aliyeshika stakabadhi iliyokunjwa mara nne, kijana aliyeegesha bodaboda yake kando ya barabara, wote walikuwa na neno. Kwa dakika ile mwenye jembe na mwenye fedha walitazamana macho kwa macho.

Oktoba 2018, katika minada ya mwanzo ya msimu, wakulima wa Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara kusini mwa Tanzania, walijibu kwamba hawauzi. Bei zilizosomwa zilikuwa kati ya shilingi 1,900 na 2,700 kwa kilo. Msimu uliotangulia, ule ambao nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000, kilo ilikuwa imevuka shilingi 4,000, na watu walikuwa wamekwisha kupiga hesabu zao kwa bei hiyo: mabati, ada, deni la salfa ya kupulizia mikorosho. Hakuna aliyerusha jiwe wala ghala lililovunjwa. Korosho zilibaki kwenye magunia na wenyewe wakarudi majumbani.

Toleo hili linaanzia kwenye jibu lile. Linauliza uhuru wa mtu mmojammoja una maana gani kwa mkulima wa Chiungutwa, kata ya Wilaya ya Masasi upande wa Newala, ambaye mali yake yote ya mwaka inaingia kwenye magunia machache. Wanafalsafa wameandika vitabu vinene juu ya uhuru. Kusini swali hili huja likiwa limeshonwa ndani ya gunia: jasho ni la nani, na nani mwenye mamlaka ya kusema linatosha shilingi ngapi?

Swali lenyewe si geni huku. Karne ya 19, misafara ya watumwa na mashambulizi ya Wangoni yalipotisha mabondeni, watu wengi walipanda uwanda wa juu wa Makonde, penye vichaka vizito visivyopenyeka. Juu kule hakuna mto. Maji yaliteremkiwa bondeni, kisha mtungi ukapandishwa kichwani hadi nyumbani, kila siku ya Mungu. Watu hawaendi kuishi pasipo maji bila sababu kubwa, na sababu yao ilikuwa kutotawaliwa na mwenye bunduki. Kila kundi la ndugu lilikuwa na chirambo chake, eneo lake, na kila chirambo kilikuwa na mkulungwa wake. Mfalme hakuwapo. Aliyechoshwa na mkulungwa mmoja alifunga mzigo, akaenda kufyeka kichaka kwingine. Mmarekani J. Gus Liebenow, katika kitabu chake cha 1971 juu ya siasa za Wamakonde, alieleza jinsi watawala wa kikoloni walivyohangaika kuweka mfumo wa machifu mahali ambapo chifu hakuwapo.

Kuhama, basi, ndiko kulikuwa kukataa kwa kwanza. Kulihitaji kitu kimoja tu: pawepo pa kuhamia.

Na hapo ndipo penye donda la leo. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliofika Mtwara msimu wa 2007/08, ulimpa mkulima jambo kubwa ambalo jarida hili halitalibeza: mzani unaoonekana, mnada wa wazi, na lile swali la mnauza, hamuuzi. Lakini kanuni hizohizo zinamtaka apitishe korosho zake kwenye chama cha msingi, AMCOS, na kutoka hapo kwenye chama kikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Anaweza kumkatalia mnunuzi aliyeletwa. Kwenda kumtafuta mwingine mwenyewe hawezi. Haki yake ya kukataa ina mlango mmoja, na ufunguo wa mlango huo anao mtu mwingine.

Kilichofuata mwaka 2018 kilionyesha wazi ufunguo uko wapi. Wanunuzi na Serikali walivutana kwa wiki kadhaa, na tarehe 12 Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi litazibeba. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana bei ilikuwa nzuri kuliko ile waliyoikataa. Ila kuanzia siku ile hapakuwa tena na wa kumwambia hapana. Ukaja uhakiki: nani ana shamba, nani hana, hizi kilo zimetoka wapi. Malipo ya wengi yakasogea hadi 2019, watoto wakifungua shule na baba akiwa bado anasubiri jina lake. Januari 2019 ukatangazwa mkataba wa kuuza tani 100,000 kwa kampuni ya Kenya, nao ukavunjika. Hukumu ya jarida hili ni kwamba wakulima walikataa kama raia, wakajibiwa kama watoto waliokuwa wakilia njaa.

Uhakiki ule ulikuwa ukimsaka hasa mtu mmoja: mtu wa kangomba. Kwa asiyeijua biashara hii, ielezwe kwa karibu. Ni mwezi wa saba. Mikorosho ndiyo kwanza inachanua, akiba ya chakula imepungua, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa shule. Jioni anakuja jirani mwenye fedha. Anatoa noti leo, atalipwa korosho Oktoba, na kipimo kitakuwa chombo chake mwenyewe, kimejazwa hadi kileleni, zinazomwagika pembeni zinarudishwa kwa kiganja. Chombo hicho kinahesabiwa kilo moja. Mzani ungesema zaidi. Wote wawili wanajua. Wote wawili pia wanajua kwamba sheria imekataza.

Je, huu ni ukaidi wa kiraia? Hapana, na ni vema kulitenganisha jambo hili mapema, kwa sababu katika mazungumzo ya vijiweni yote huchanganywa. Mwaka 1846 Henry David Thoreau wa Marekani alilala jela usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa kwa serikali iliyokuwa ikiulinda utumwa. Alikataa hadharani, jina lake likijulikana, na adhabu akaipokea. Kangomba hufanywa gizani na humnufaisha aliye na fedha kuliko aliye na shamba. Hata hivyo anayeuza kwa kangomba hastahili kuitwa mhalifu kwa pumzi ileile anayoitwa anayenunua. Mmoja anatafuta faida, mwingine anatafuta unga. Askari wanaweza kukamata gari la korosho usiku wa manane, lakini hawawezi kumpa muuzaji huyo shilingi elfu ishirini za mwezi wa saba, na chama chake cha msingi kingeweza.

Upo ukaidi wa kimya ambao historia imeupima kwa tani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho kama tani 145,000. Ikaja operesheni ya vijiji; familia zikahamishwa zikakaa mbali na mikorosho yao, huku bei anayolipwa mkulima ikiwa duni. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hadi tani 16,500 hivi. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia sana, na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele wamefanya kazi kubwa kuupatia dawa. Lakini ubwiriunga hauelezi shamba lisilopaliliwa. Hakuna aliyeandamana; watu waliliacha jembe ukutani, na nchi nzima ikaiona hasara.

Kabla yao, watu wa kusini walikuwa wamefanya hivyo kwa kelele zaidi. Julai 1905, huko Nandete katika Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Maji Maji vikaanzia hapo. Kilichong'olewa kwanza kilikuwa mche, kabla ya mkuki kuinuliwa.

Moto ni habari nyingine, nao uliwaka hapa hapa. Tarehe 26 Januari 2013, katika joto la madai kwamba gesi ya Mtwara isipelekwe Dar es Salaam kwa bomba, ugomvi wa waendesha bodaboda na polisi mjini Masasi ulilipuka. Majengo ya serikali na nyumba za viongozi zikachomwa, watu wakafa. Aprili mwaka huohuo Liwale nako nyumba zilichomwa kwa hasira za malipo ya pili ya korosho. Hasira zile zilikuwa na sababu. Lakini aliyechoma nyumba ya jirani yake alifunga mdomo wa wale wote waliokuwa wakiuliza swali la haki, kwani kuanzia asubuhi ile mazungumzo yakawa ya majivu.

Mfano unaostahili kukumbukwa zaidi uko magharibi, Songea. Miaka ya 1960 wakulima wa Litowa na vijiji vingine, akiwamo Ntimbanjayo Millinga, waliunda Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Waliingia kwa hiari, wakaamua mambo yao vikaoni, wakaendesha shule yao kwa namna waliyoona inafaa, wala hawakupenda kuamriwa na ofisi ya mkoa. Mwalimu Nyerere aliwasifu. Septemba 1969 Kamati Kuu ya chama tawala, TANU, ilikivunja chama hicho. Ujamaa wa hiari ulizikwa hapo, na miaka michache baadaye ukaja ule wa kuhamishwa kwa malori.

Tangu 2024 zabuni za korosho zinapitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na katika minada ya mwanzo ya msimu ule kilo ilivuka tena shilingi 4,000. Ni habari njema. Wanachama wahakikishe tu kwamba skrini haimezi lile swali la zamani, na kwamba bado kuna mtu anayesimama mbele yao na kuwauliza kama wanauza.

Msimu hufunguliwa Oktoba. Kabla ya hapo, msomaji wa Chiungutwa, wa Newala na wa kwingineko ambaye ni mwanachama wa AMCOS na asikose mkutano mkuu. Aende na stakabadhi zake za mwaka jana. Aombe makato yote, ya chama, ya usafiri, ya ghala na ya halmashauri, yasomwe kwa sauti moja baada ya jingine kama zilivyokuwa zikisomwa bei mnadani, na aombe swali lake liandikwe kwenye muhtasari pamoja na jina lake.