Savka hakuwa msaliti wa Yugoslavia
Savka Dabčević-Kučar bado anahesabiwa na wengi miongoni mwa waliobomoa Yugoslavia. Ukiyapima mashtaka yenyewe, mengi hayana uzito.

Linalorudiwa zaidi ni kwamba alitaka Kroatia ijitenge. Alichodai, alipokiongoza chama cha kikomunisti cha Kroatia kuanzia 1969, ni haki ya fedha. Mjerumani alikuja pwani ya Dalmatia, akalala hotelini, akalipa marki. Hoteli ilibakiziwa kiasi kidogo tu cha marki hizo. Nyingi zililazimika kuuzwa kwenye mfumo wa benki za shirikisho kwa bei ya serikali, na uamuzi wa zitumikeje ukabaki Belgrade. Savka, mchumi kwa taaluma, alitaka anayezichuma awe na kauli juu yake. Kama huko ni kujitenga, basi kila mkoa unaonung'unikia mgawo wa kodi umeshajitenga.

Eti ukomunisti wake ulikuwa joho tu? Mzaliwa huyu wa Korčula aliingia kwa wapiganaji wa Tito, aliyekuja kuitawala Yugoslavia, mwaka 1943, akiwa hajatimiza miaka 20, wakati Wajerumani hawajashindwa na vyeo vya kugombea havipo.

Wanaosema alilegea mbele ya wazalendo wakali wana hoja. Umati ulimshangilia kama malkia, naye alichelewa kuwakemea waliokuwa wakiwatia hofu Waserbia wa Kroatia. Wanafunzi wa Zagreb walipogoma Novemba 1971, hatamu zilishamponyoka. Lakini kuponyokwa si kula njama. Tito aliwaita viongozi wa Kroatia kwenye makazi yake ya Karađorđevo na kuwabana. Desemba 12 Savka akajiuzulu, na mwaka uliofuata akafukuzwa chamani. Halafu katiba ya 1974, ya Tito huyohuyo, ikazipa jamhuri za Yugoslavia, Kroatia ikiwemo, mamlaka makubwa yaliyofanana sana na aliyoyapigania.

Mashabiki wake nao hutia chumvi, wakimwita waziri mkuu wa kwanza mwanamke Ulaya. Kweli aliongoza serikali ya Kroatia 1967 hadi 1969, ila Kroatia haikuwa dola huru. Aliyekuja kuongoza serikali ya Yugoslavia nzima, 1982 hadi 1986, ni Milka Planinc, yuleyule aliyekabidhiwa kiti cha Savka chamani baada ya kuangushwa kwake.