Gari Lisilotembea

Rafiki yangu mmoja, msomaji hodari tena mwenye maktaba ya kuonewa wivu, aliniambia majuzi kwamba watu wanaokarabati tramu kule Marekani ni wazee wanaocheza na midoli. Eti wanakaa miaka wakipiga msasa mbao za gari ambalo halimpeleki mtu popote. Linaondoka kituoni, linapita msituni, linarudi palepale. "Sasa hapo kuna nini cha kuandikia makala?" akauliza, akacheka. Nimekibeba kicheko chake wiki nzima. Leo namjibu.

Tujue kwanza tunazungumzia nini. Tramu ni gari la umeme linalopita juu ya reli katikati ya barabara, na juu ya paa lake kuna mlingoti unaogusa waya na kunyonya umeme. Zamani karibu kila mji wa maana Marekani ulikuwa nazo. Kisha yakaja magari ya watu binafsi, yakaja mabasi, reli zikang'olewa. Mwaka 1939, katika jimbo la Maine, kampuni ya tramu ya miji ya Biddeford na Saco iliamua kuhamia kwenye mabasi. Vijana wachache waliopenda reli wakachanga dola 150, wakanunua tramu namba 31, iliyoundwa mwaka 1900. Vijana, ndugu yangu, si wazee! Walikuwa na gari moja na mahali pa kuliweka, basi. Hapo ndipo lilipoanzia jumba la makumbusho la Seashore Trolley Museum, huko Kennebunkport. Leo lina magari zaidi ya 250 kutoka miji mbalimbali ya dunia, na njia ya reli ya kama kilomita mbili na nusu, iliyopita palepale zilipopita tramu za zamani.

Na wanaziendesha. Hili ndilo linalomkera rafiki yangu, na ndilo linalonifurahisha mimi.

Anasema ukiiendesha unaiharibu. Kweli. Breki zinalika, magurudumu yanalika, mbao zinaoza zinabadilishwa, hadi siku moja unajiuliza hii namba 31 ni ileile ya mwaka 1900 au ni kopi yake. Kwa mantiki hiyo, bora gari likae kwenye banda kavu, limezungushiwa kamba, na kibao cha "usiguse". Haya, tuseme tumekubali. Umehifadhi nini? Umehifadhi umbo. Lakini tramu haikuwa umbo. Ilikuwa mtikisiko, kengele inayopigwa kwa mguu, mngurumo wa mota chini ya sakafu. Ilikuwa dereva akifika mwisho wa njia, anashuka, anauzungusha mlingoti kwa kamba uelekee upande wa pili, kisha migongo ya viti inasukumwa, tap, tap, tap, na nyuma panakuwa mbele. Jambo hilo huwezi kulieleza kwa kibao. Na yule anayejua kulifanya akifa bila kumfundisha mwingine, limekwenda, hata kama gari lenyewe linang'aa kwa rangi mpya.

Sisi watu wa vitabu ndio tungepaswa kuelewa upesi kuliko wote. Tuna tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zimetunzwa vizuri sana kwenye maktaba za London na Hamburg, joto limepimwa, unyevu umepimwa. Nashukuru. Lakini utenzi ulitungwa uimbwe. Mtu anayejua mahadhi yake na kuuimba harusini au matangani, hata akikosea beti mbili na kuongeza moja ya kwake, anauhifadhi kwa namna ambayo kabati haliwezi. Atauharibu kidogo, ndiyo, kama reli inavyoharibu gurudumu. Rafiki yangu huyu, mbona hujawahi kumwita mwimbaji wa tenzi mzee anayecheza na midoli?

Lakini sijaja kuwasifu tu watu wa tramu. Nina ugomvi nao pia, tena mkubwa.

Wapenzi wa fasihi wengi wameijua tramu kwa jina la tamthilia moja, *A Streetcar Named Desire* ya Tennessee Williams, iliyopanda jukwaani New York mwaka 1947. Jina hilo hakulibuni. New Orleans kulikuwa na njia ya tramu iliyoishia mtaa wa Desire, na gari lilibandikwa jina hilo mbele. Mwaka 1948, tamthilia ikiwa bado changa, njia ile ikabadilishwa kuwa ya mabasi. Hebu fikiria basi liitwalo Desire! Bahati nzuri njia ya St. Charles mjini humo ilinusurika, na hadi leo abiria wanakwenda kazini kwa tramu zilizoundwa miaka ya 1920. Mwenzao mmoja, namba 966, amehifadhiwa huko Maine.

Sasa, mle ndani ya tramu za New Orleans kulikuwa na kifaa ambacho wapenzi wa kengele na harufu ya mbao hawakitaji sana. Ni ubao mdogo wenye vijiti viwili, unaochomekwa kwenye mgongo wa kiti. Mbele ya ubao walikaa Wazungu, nyuma yake walikaa Weusi. Sheria ya Louisiana ya mwaka 1902 ndiyo iliyoamuru ubaguzi ndani ya tramu, na uliendelea mpaka 1958. Ubao ulihamishika. Wazungu wakizidi, unasogezwa nyuma, na mtu mzima aliyetoka kazini anainuliwa kwenye kiti alichokwisha kukaa. Mpiga picha Robert Frank aliinasa tramu moja ya mji huo kutoka ubavuni mwaka 1955, nyuso zimejipanga dirishani, nyeupe mbele, nyeusi nyuma. Picha ile imo kwenye kitabu chake *The Americans*. Itazame, kisha uniambie kama bado unatamani "enzi zile nzuri".

Ndiyo maana nasema: ukiamua kuendesha, endesha yote. Anayeirudishia tramu ya New Orleans kengele, taa na rangi ileile ya mwaka 1924, halafu ubao akaufungia kwenye kabati la ofisini kwa kuwa utawakwaza wageni, huyo hajahifadhi tramu. Ametengeneza pipi. Chomeka ubao. Mwambie abiria aliyelipa tiketi asome kilichoandikwa, aone kiti chake kiko upande gani. Watoto watauliza maswali, na wazazi watakosa raha. Wakose.

Najua rafiki yangu atanirudia na swali lake la mwisho, maana ni mjanja. Atasema, "Na kwenu Mombasa je?" Kweli, Mombasa tulikuwa na namna yetu ya tramu. Kabla ya magari kujaa, kulikuwa na vijireli vya upana wa futi mbili, vikitoka pande za Mji wa Kale hadi Kilindini, na juu yake vigari vyenye benchi na kivuli cha turubai. Injini hakuna, umeme hakuna. Maafisa na matajiri walikaa, wanaume Waafrika wakasukuma, wakikimbia nyuma juani. Mambo hayo yaliendelea hadi mwanzo wa miaka ya 1920.

Nimesema gari lisilotembea si gari. Je, na kile cha Mombasa nacho kitembee? Nani atasukuma?

Nimekaa na swali hilo muda mrefu, nikaona jibu langu halibadiliki. Kitandikwe kijireli cha mita mia mbili tu, kiundwe kigari kwa kufuata picha za zamani, na asiajiriwe msukumaji hata mmoja. Mgeni akate tiketi, kisha asukume yeye, saa saba mchana, benchi likiwa tupu. Rafiki yangu namwekea nafasi ya kwanza. Tiketi nitamlipia mimi.