Acheni Chenga Kidogo, Mtuachie Sura Zetu

Picha tunazopiga humu chuoni kwa kamera ndogo za mfukoni zinaharibiwa na dawa kuliko ugonjwa. Ugonjwa ni chenga, zile nukta nukta zinazojaa kwenye picha ya ukumbini jioni, ambazo wapiga picha huziita noizi. Dawa ni kulainisha. Tazama picha za mahafali zilizobandikwa ubaoni: ngozi kama nta, nyusi zimeyeyuka, nywele zilizosukwa zimegeuka kofia. Mtu kasotea joho miaka mitatu, halafu mama yake akitumiwa picha anauliza huyu ni nani.

Tuelewane kwanza chenga zinatoka wapi. Mwanga huja kwa chembe, na chembe haziji kwa mpangilio, zinadondoka kama matone ya mvua kwenye visufuria vilivyopangwa uani. Kila pikseli ni kisufuria. Vikipata wastani wa chembe 10,000, vinapishana kwa kama 100 tu, yaani asilimia 1, na jicho halioni. Vikipata 100, vinapishana kwa kama 10. Hiyo ni asilimia 10 nzima, na ndizo chenga zenyewe. Kupandisha ISO hakuongezi hata chembe moja ya mwanga. Ni kama kuongeza sauti ya redio inayoshika kwa shida: mtangazaji anasikika zaidi, na mikwaruzo pia.

Kwa hiyo muuzaji akikuimbia megapikseli na bumu lako liko mfukoni, muulize ukubwa wa kihisi. Kamera nyingi ndogo zina kihisi cha takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Sony RX100 ya mwaka 2012 ina cha milimita 13.2 kwa 8.8, eneo mara nne. Canon walitoa PowerShot G10 mwaka 2008 ikiwa na megapikseli 14.7, na mwaka uliofuata G11 ikatoka na 10. Kampuni ikapunguza yenyewe namba ya kwenye boksi, jamani, ili kutafuta picha safi zaidi penye mwanga hafifu!

Sasa hapa ndipo panaponiuma. Chenga huonekana zaidi kwenye sehemu za giza, na ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache kuliko ukuta mweupe ulio nyuma yake. Kamera ikiachwa ijipimie, inaona ule ukuta, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na sisi tunazama kivulini. Kisha kompyuta yake ya ndani inakuta chenga usoni na kuanza kufuta. Haijui vizuri ipi ni chenga, lipi ni kovu la utotoni na zipi ni ndevu zinazoanza, kwa hiyo inafuta vyote. Halafu tunasema fulani hatoki vizuri kwenye picha. Anatoka vizuri sana, mpeni mwanga!

Kumpa mwanga hakuhitaji hela. Kamera nyingi zina kitufe chenye alama za + na −, peleka kwenye +1 mtu anapokuwa mbele ya ukuta mweupe au dirisha. Usivute zumu, sogea kwa miguu: lenzi inayofunguka f/2.8 kabla ya kuvuta huwa f/5.9 mwisho wa zumu, na mwanga unaoingia unabaki chini ya robo. Egemea nguzo ili shata iweze kukaa wazi zaidi bila mkono kutikisika, na mwambie anayepigwa atulie.

Kwenye menyu, punguza ulainishaji hadi chini kabisa kama kamera inaruhusu. Kama inahifadhi RAW, tumia RAW. Kwa PowerShot nyingi za zamani zisizo nayo, ipo CHDK, programu ya bure inayokaa kwenye kadi ya kumbukumbu bila kufuta ile ya kiwandani. Kisha safisha mwenyewe kwa darktable au RawTherapee, nazo ni bure. Madoa ya rangi, yale mekundu na kijani, yafute bila huruma. Zile chenga za kijivu zigusie tu, maana humo ndimo ngozi ilimo.

Na kulinganisha kamera kwa kukuza picha hadi pua ijae skrini, tuache. Linganisha mahali pamoja, mwanga uleule, shata na tundu la lenzi vilevile, kisha tazama kwa ukubwa utakaochapishwa. Picha ya gazeti hili yenye upana wa sentimita 9, kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 1,063 tu kwa upana. Picha ya megapikseli 12 ina 4,000. Ikipunguzwa, pikseli kama 14 zinachanganywa kuwa moja, na chenga zinashuka hadi karibu robo zenyewe, kabla mtu hajagusa chochote. Mnalainisha kitu gani tena?

Ombi kwa wenzangu wa dawati la picha: toleo lijalo chapisheni picha mbili za mhitimu mmoja, moja iliyolainishwa na moja yenye chenga zake, zote sentimita 9, bila kuandika ipi ni ipi. Wa kuchagua awe mama yake.